Majarida ya vyuo vyetu yaingizwe kwenye faharasa



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi hawalizungumzi sana, pengine kwa kuwa linaonekana ni la wasomi peke yao, lakini ambalo linatumia fedha za umma na linamgusa hata mkulima wa mihogo hapa kwetu Muheza. Nazungumzia majarida ya kitaaluma yanayotolewa na vyuo vikuu na taasisi za utafiti za nchi yetu, na jinsi mengi yanavyokosa kusomwa kwa sababu hayakuingizwa katika faharasa yoyote.

Nilifanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi hadi nikastaafu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa jirani yangu, mwanafunzi wa kilimo, alinijia na simu yake mkononi. Alikuwa anatayarisha utafiti wa shahada yake juu ya namna wakulima wa huku wanavyochagua mbegu ya mihogo baada ya mashamba yao kuingiwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha mihogo chini kwa chini huku shamba kwa juu linaonekana zuri. Alinieleza kwa furaha kwamba jambo hilo halijapata kuchunguzwa na mtu yeyote katika sehemu zetu. Ametafuta kwenye intaneti majuma mawili mazima, akapata habari za nchi nyingine tele, za kwetu hakuna.

Nikamwambia, mwanangu, subiri kwanza. Nilikuwa na kumbukumbu ya kupanga rafuni kwa mikono yangu jarida la chuo kimoja cha humu humu nchini lililokuwa na makala ya namna hiyo. Tukafunga safari kwenda kwenye ile maktaba, tukaomba ruhusa, tukaanza kufungua maboksi ya stoo. Mnamo saa nane mchana tukaipata. Mwandishi alikuwa mwalimu wa chuo, Mtanzania. Alikuwa amekwenda katika vijiji vitatu, na viwili kati ya hivyo ndivyo alivyovichagua kijana wangu. Maswali aliyowauliza wakulima yalikuwa karibu yale yale.

Kijana akanyamaza kwa muda. Halafu akanisimulia kwamba alipokwenda kijijini kujitambulisha, mama mmoja alimwuliza, "Haya si mlikwisha kuja mkatuuliza, mwanangu? Majibu yetu mliyapeleka wapi?" Yeye alidhani yule mama amemfananisha na bwana shamba.

Swali la mama huyo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Majibu yake yalipelekwa chuoni, yakaandikwa vizuri, yakapitiwa na wataalamu, yakachapishwa kwa gharama, kisha yakawekwa kwenye boksi.

Yafaa nieleze faharasa ni kitu gani, maana si kila msomaji amewahi kufanya kazi maktaba. Zamani tulikuwa na droo za kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya somo, na kitabu kisichokuwa na kadi tulikihesabu kuwa kimepotea hata kama kimesimama rafuni mbele ya macho yetu. Makala za majarida nazo zinahitaji kadi zake, nazo ni nyingi kuliko vitabu, kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa na mashirika makubwa. Kwa upande wa tiba, daktari Mmarekani John Shaw Billings alianzisha faharasa iitwayo Index Medicus mwaka 1879. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Philadelphia akaanza kutoa faharasa ya sayansi inayoonyesha pia nani amemtaja nani katika marejeo yake. Baadaye kompyuta zikaja, na leo wanataaluma wanatafuta katika Web of Science iliyotokana na kazi ya Garfield, katika Scopus na Google Scholar zilizoanza zote mwaka 2004, katika orodha ya majarida yasiyotoza wasomaji iitwayo DOAJ iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, na kwa Afrika yetu katika African Journals Online, au AJOL, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo tangu 2005 inaendeshwa kutoka Afrika ya Kusini. Mtafiti wa siku hizi haingii maktaba akapekua rafu. Anaandika maneno mawili matatu kwenye mashine, na kisichotokea hapo kwake hakipo.

Sasa nataka niwaonyeshe wasomaji jinsi makala iliyoandikwa huku kwetu inavyoweza kuishi ikiwekewa kumbukumbu, na mfano wenyewe ni wa ugonjwa huo huo wa mihogo. Hapo Amani, juu ya milima ya Usambara katika wilaya hii hii ya Muheza, kulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 na Waingereza wakakiendeleza. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye Storey ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, mwaka 1936, katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki. Mwenzake Nichols akaandika habari zake kwa kirefu katika jarida hilo hilo mwaka 1950, na mwaka 1957 Jennings akaeleza kazi ya kuzalisha mbegu zenye kustahimili, kazi ambayo ilihusu kuuchanganya muhogo na mti wa jamii yake utoao mpira.

Miaka mingi ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa ni wa mabonde ya pwani na kando ya Ziwa Nyasa. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana ukienea Uganda, katika nchi za juu ambako haukutarajiwa, na baadaye ukazisumbua sehemu za Kanda ya Ziwa. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipoanza kuhangaika, hawakuanza na karatasi tupu. Waliyatafuta maandishi ya Amani wakayapata, na mpaka leo ukisoma makala yoyote ya maana juu ya ugonjwa huo utaona Storey 1936 na Nichols 1950 wametajwa katika marejeo. Hata mbegu iitwayo Namikonga kwetu, na Kaleso kwa wenzetu wa Kenya, ambayo imetegemewa sana katika kuzalisha mbegu mpya, ilifuatiliwa hadi ikajulikana kuwa asili yake ni kazi ya Amani.

Kurasa za zamani za jarida lile zimetiwa kwenye intaneti na kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, kila makala kwa namba yake ya kudumu. Ni kweli kwamba anayetaka kusoma makala nzima mara nyingi hukuta anadaiwa malipo, na mimi sioni haki mtoto wa Muheza kununua kwa pauni habari iliyoandikwa Amani. Hata hivyo angalau anajua kwamba habari ipo na nani aliiandika. Kwa hiyo makala ya mwaka 1936 kijana wangu aliipata kwa simu akiwa amekaa chini ya mwembe, lakini makala ya mwalimu wake mwenyewe, iliyoandikwa katika karne hii, ilitubidi tuitafute kwa kupanguza vumbi.

Wako watakaosema ni ubaguzi wa wazungu, kwamba wenye faharasa hizo hawapendi majarida ya Afrika. Sikatai kwamba faharasa hizo zilianzishwa kwa kutazama majarida ya Ulaya na Marekani kwanza, na kwamba hata leo sisi ni wachache sana ndani yake. Lakini nilipoanza kuyachunguza majarida yetu moja moja, niligundua kuwa sehemu kubwa ya kosa imo mikononi mwetu, tena ni makosa madogo madogo ambayo karani hodari angeyamaliza kwa mwezi mmoja.

Chukua jambo hili moja. Jarida limetoka, lina makala kumi, wahusika wanalitia lote zima katika faili moja na kuliweka kwenye tovuti ya chuo. Wanadhani wamemaliza kazi. Kumbe mashine ya Google Scholar inataka kila makala iwe na faili yake na ukurasa wake wenye jina la makala, majina ya waandishi na mwaka, na faili inayozidi megabaiti tano inaachwa. Wengine wanapiga picha kurasa na kuziweka hivyo hivyo kama picha. Macho ya binadamu yanasoma, lakini mashine haioni herufi hata moja. Mwingine ameandika jina la mwandishi kwa namna moja kwenye jalada na kwa namna nyingine ndani. Makala haina ikisiri, au inayo ikisiri ambayo haisemi utafiti umegundua nini, inasema tu kwamba "makala hii inajadili suala muhimu". Maneno ya utambulisho aliyoyaweka mwandishi ni "maendeleo", "jamii", "Tanzania". Kwa maneno hayo utaipataje makala ya mihogo?

Halafu kuna suala la wakati. Faharasa zenye kuchagua, kama Scopus, haziyapokei majarida yasiyotoka kwa ratiba. Sisi tunatoa toleo la Juni mwezi wa Machi mwaka unaofuata, au tunaunganisha matoleo ya miaka miwili kwenye jalada moja na kuomba radhi katika tahariri. Na tovuti yenyewe leo ipo, kesho haipo, kwa sababu ada ya jina la tovuti haikulipwa au kijana aliyekuwa anajua neno la siri amehamishwa. Nimeona marejeo ya makala za Watanzania yanayompeleka msomaji kwenye ukurasa uliokufa.

Simlaumu mhariri wa jarida. Mara nyingi ni mwalimu wa chuo mwenye madarasa makubwa na mitihani ya kusahihisha, anaifanya kazi ya jarida usiku nyumbani kwake bila malipo, na siku ya kufikiriwa kupandishwa cheo kazi hiyo haihesabiwi kama inavyohesabiwa makala aliyoiandika yeye. Ni nani atakayekesha kwa ajili ya kusahihisha nukta katika marejeo ya mwenzake?

Kisingizio cha fedha nacho nakisikia sana. Lakini programu ya kuendeshea jarida kwenye intaneti, ambayo inaitengenezea kila makala ukurasa wake, inapatikana bure tangu miaka ya mwanzo ya 2000, nayo inatumiwa na maelfu ya majarida duniani. Kuomba kuingia DOAJ hakuna ada, wanachotaka ni jarida lisilotoza wasomaji, lenye namba ya ISSN, lenye utaratibu wa wazi wa kupitiwa na wanataaluma na lenye makala za utafiti zisizopungua tano kwa mwaka. Namba za kudumu za makala, zile zinazojulikana kwa kifupi kama DOI, zilikuwa na ada ambayo ilikuwa mzigo kwa jarida dogo, lakini tangu Januari 2023 shirika la Crossref linalozitoa limeziondolea ada nchi kadhaa zenye kipato kidogo, na Tanzania imo. Fedha inayohitajika hasa ni mshahara wa mtu mmoja makini.

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa siku ya Kiswahili duniani, tunasikia hotuba nzuri kwamba lugha yetu inaweza kubeba sayansi. Mimi nakubali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jarida liitwalo Kiswahili ambalo asili yake inarudi kwenye kamati ya lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, kwa hiyo huu si mchezo wa jana. Lakini mwalimu kijana akitaka kuandika utafiti wake kwa Kiswahili, wakubwa zake wanamwambia asifanye hivyo, kwani makala ya Kiswahili haiwezi kuingia katika faharasa za kimataifa na haitamsaidia kupanda cheo.

Maneno hayo si kweli, na inafaa yakanushwe hadharani. DOAJ inapokea majarida ya lugha yoyote. Scopus yenyewe, ambayo watu wanaitetemekea, haidai makala iwe ya Kiingereza. Inadai jina la makala na ikisiri viwepo kwa Kiingereza, na marejeo yawe kwa herufi za Kirumi, ambazo ndizo tunazozitumia. Jarida la Swahili Forum, lililoanzia Ujerumani mwaka 1994, linachapisha makala za Kiswahili pamoja na za lugha nyingine na kuziacha wazi kwenye intaneti kwa kila mtu. Kama inawezekana Ujerumani, hapa kwetu kinachoizuia ni nini? Ukurasa mmoja wa ikisiri kwa Kiingereza juu ya makala ya Kiswahili, na ukurasa mmoja wa ikisiri kwa Kiswahili juu ya makala ya Kiingereza: hilo tu lingewafungulia mlango wasomaji wa pande mbili. Na ile ikisiri ya Kiswahili ingetolewa nakala na kupelekwa kwa maofisa ugani wa wilaya iliyofanyiwa utafiti, ingekuwa jambo zuri zaidi.

Ningependa pia kuwatahadharisha walimu vijana. Baada ya kusikia kwamba faharasa ni kitu cha maana, wamejitokeza matapeli. Wanatuma barua kwa kompyuta usiku na mchana wakidai jarida lao "limeorodheshwa kimataifa", wamebandika nembo ishirini chini ya ukurasa, na wanataka dola mia kadhaa ili makala itoke baada ya siku nne. Nembo nyingi kati ya hizo ni za faharasa zisizokuwepo, au zinazouza alama kwa yeyote mwenye fedha. Njia ya kujikinga ni rahisi: usiamini nembo, nenda kwenye orodha ya faharasa yenyewe ulitafute jarida kwa namba yake ya ISSN. Mkutubi yeyote atakusaidia kwa dakika tano.

Wala nisieleweke vibaya kwamba kila kilichomo katika faharasa kubwa ni dhahabu. Kile kipimo cha Garfield cha kuhesabu jarida linatajwa mara ngapi kilikuwa na manufaa kwa wakutubi waliokuwa wanachagua majarida ya kununua. Kumpima nacho mwalimu mmoja mmoja ni kosa, na wanataaluma wa nchi mbalimbali walikwisha kulisema hilo katika azimio lililoandaliwa San Francisco mwaka 2012. Mimi nataka makala ipatikane kwanza. Ubora wake wasomaji wataupima wakishaisoma.

Kwa hiyo ninawaomba wakubwa wanaohusika na vyuo vyetu wayatazame haya. Kila chuo kiwe na mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni majarida tu, na nafikiri mtu huyo atoke maktaba, kwa kuwa kuandika kadi ndiyo elimu yetu. Kazi ya uhariri ihesabiwe katika kupandisha vyeo. Idara zenye vijarida vitatu vinavyotoka kwa kubahatisha ziviunganishe viwe kimoja kinachotoka kwa tarehe yake, hata kama kuna mwenyekiti wa bodi atakayekasirika kwa kupoteza cheo. Na matoleo ya zamani yatolewe stoo, yapigwe picha kwa mashine inayotambua herufi, yapewe namba na kuwekwa wazi, kuanzia yale yaliyohusu vijiji vyetu, mazao yetu na magonjwa yetu.

Yule kijana hakuacha utafiti wake. Aliubadilisha, akarudi kwa wakulima wale wale akiwa na makala ya mwalimu mkononi na kuwauliza mbegu zile walizozitaja wakati ule ziliishia wapi. Yule mama alimwonyesha shamba. Mwalimu mwenyewe, tulipompata kwa simu, alishangaa kusikia kwamba kuna mtu ameisoma makala yake, akatuomba tumpelekee nakala kwa kuwa yake ilikuwa imeliwa na mchwa.

Nilikwenda tena mwezi uliopita kuuliza kama ile makala imekwisha kutiwa kwenye intaneti. Niliambiwa mashine ya kupigia picha ni mbovu. Kama kuna msomaji anayeihitaji, imo ndani ya boksi la tatu kutoka mlangoni, upande wa kushoto, na boksi nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Mkutubi Mstaafu,
Muheza, Tanga.